Begi Lenye Harufu ya Kanisa

Mpaka leo siwezi kukaa kwenye gari lenye harufu ya udi. Nikipanda teksi nikakuta dereva amechoma kijiti chake asubuhi ili abiria wajisikie vizuri, nateremsha kioo hata kama mvua inanyesha, na akiuliza namwambia nina kifua. Harusini ndiyo kabisa. Wenzangu wanapojifukiza, mmoja baada ya mwingine wanatanua kanga moshi uingie, mimi nipo uani na wapishi, navuta moshi wa kuni kwa raha zangu. Wengi wanaonijua hapa Sumbawanga wanadhani nimeokoka. Sijaokoka. Mimi ni Mkatoliki tu ambaye aliwahi kuwa na begi.

Nimelikumbuka wiki hizi kwa sababu baba amelazwa, nami nashinda hospitali. Nakaa kwenye benchi, nanusa dawa ya kusafishia sakafu, na akili isiyo na kazi inazurura inakotaka. Ninyi mliokua wakati wetu hamhitaji kuelezwa begi lilikuwa nini kwa mtoto aliyemaliza darasa la saba akibeba madaftari kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Lilikuwa begi la mgongoni, la zambarau, lenye mifuko miwili ya pembeni na zipu nyeupe nene iliyokuwa ikilia vizuri ukiivuta. Baba alilinunua Kasesya, mpakani, kwa wachuuzi wanaovuka na mizigo kutoka Zambia, mwaka ule nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni. Alinivalisha mwenyewe, akanirekebishia mikanda, akarudi nyuma kunitazama.

"Sasa umekuwa mtu wa safari, mama," akasema.

Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake mzazi. Kaka yangu Deo, aliyekuwa tayari Mbeya akijifunza ufundi wa magari, aliitwa Deo tu, na hata hilo mara nyingi kwa hasira. Mimi nilikuwa mama. Nililipenda jina lile kuliko jina la ubatizo, na nilijua, kama mtoto anavyojua mambo, kwamba hakuna mwingine duniani aliyeitwa hivyo na baba yangu.

Baba alikuwa mfanyabiashara. Alinunua mahindi na ulezi kwa wakulima wa huku juu, akateremka nao Kasanga, ziwani, kwa Fuso za watu, akarudi na migebuka na dagaa wa kuuza Majengo. Safari zilimeza siku nyingi, na alipotoka kule alitukuta nyumbani, mtaa wa Kizwite, tukimsubiri kwa mboga na kwa hadithi. Mama alibaki na nyumba, na shamba, na pombe. Alipika pombe ya ulezi ya kuuza, na chumba chetu cha stoo, ambacho ndimo nilimolala, kilijaa kimea: ulezi ulioloweshwa ukachipua, ukianikwa, ukisubiri kusagwa. Begi langu nililitundika kwenye msumari juu ya kimea hicho. Nikiambiwa leo kwamba chumba kile kilinuka, ningebisha. Harufu ya kwenu huisikii.

Mama naye alilibariki begi kwa namna yake. Alichukua medali ndogo ya Bikira Maria aliyopewa siku ya kipaimara chake, akaishonea ndani ya mfuko wa mbele, pembeni kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Kitambaa cha begi lile kilikuwa na mpira kwa ndani, sindano ilipita kwa taabu, na kila ilipopita iliacha tundu lisiloziba.

"Mtu akikuibia," alisema akikata uzi kwa meno, "lako utalijua kwa kupapasa."

Katikati ya Desemba zipu ya begi la baba la safari ikafa. Alikuja mpaka chumbani kwangu, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Mama, niazime begi lako. Safari moja tu. Nikirudi nakukabidhi kama lilivyo."

Nilikuwa sijalivaa hata kwenda kanisani. Nilikuwa nikilivaa mle mle stoo, nikitembea kutoka ukuta mpaka ukuta, nikiwa na madaftari matupu ndani. Lakini mtoto gani wa Kifipa angemwambia baba yake hapana? Nikalitungua, nikampa kwa mikono miwili.

Lilirudi siku chache kabla ya Krismasi, na harufu ilifika kabla ya baba. Ndani kulikuwa na migebuka iliyokaushwa imefungwa kwenye gazeti, gazeti limelowa, mafuta ya samaki yamepenya kila mahali. Zipu yangu nyeupe ilikuwa ya kahawia.

"Umelifanya nini begi langu, baba?"

"Mvua, mama. Ilitukuta Matai, turubai linavuja, magunia yote maji. Ningefanyaje? Nikaona angalau samaki wa mboga wasiharibike."

Akacheka, akaniwekea mkono kichwani. Nililia kile kilio cha kuzira chakula. Jioni ile migebuka ilipikwa kwa karanga, chakula ninachokipenda mpaka kesho, nami nikala ugali kwa chumvi makusudi ili anione. Hakuniona. Alikuwa akila huku akitazama begi langu pale mlangoni nilipolitupa.

Kuanzia hapo nikawa na kazi moja tu. Shule ilikuwa ifunguliwe Januari, na nilikuwa nimesikia habari za mabweni: msichana anayefika na harufu siku ya kwanza hupewa jina, na jina hilo linamfuata mpaka mtihani wa mwisho. Nilijiona nikiitwa Mgebuka kwa miaka minne. Nikaanza na sabuni ya mche. Nikahamia sabuni ya unga. Nikakamulia ndimu zote zilizokuwamo jikoni, mama akagomba. Nikalijaza mkaa, nikalifunga, nikalilaza hivyo, na asubuhi likawa begi la samaki lenye masizi. Jua lenyewe la Desemba mnalijua, linachungulia kidogo kisha ukungu unashuka, na begi lisilokauka linazidi kuchacha.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye shamba kubwa la ulezi, akanipa ushauri wake. Sisi tunalima kwa kufukia majani chini ya matuta yaoze yawe mbolea, na yeye alisema udongo unaomeza majani ya shamba zima utashindwaje kumeza harufu ya samaki wawili watatu. Nikachimba tuta nyuma ya nyumba, nikalizika begi langu. Asubuhi nikakuta mbwa wake yeye mwenyewe amelifukua, analiburuta uwanjani kwa mkanda mmoja. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Siku hiyo ndiyo baba aliponisaidia, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu asubuhi ile nimeishi nayo muda mrefu. Mama alikuwa amekwenda mashineni kusaga kimea. Baba alitoka ndani na kigoda, akakunja mikono ya shati, akachota majivu jikoni kwa kipande cha kibuyu, akaja kuchuchumaa karibu na ndoo yangu. Sikuwahi kumwona akifua kitu. Wanaume wa mtaa wetu hawakuonekana wakifua nguo zao wenyewe, sembuse begi la mtoto.

"Unasugua uwanjani, katikati ya kitambaa," akaniambia. "Harufu haikai uwanjani. Inajificha kwenye kona na kwenye mishono."

Akaligeuza begi ndani nje. Akaingiza ngumi yake kwenye kona mpaka kona ikamkaa ngumini kama kofia, akapaka majivu mabichi, akasugua kwa kiganja cha mkono wa pili, taratibu, akizungusha. Kisha akatoa ngumi yake, akachukua yangu, akaiingiza mle mle. Kulikuwa na baridi, maji yalikuwa ya kuuma vidole, na kila vidole vyangu vilipokufa ganzi aliviweka kwapani kwake mpaka vikaamka. Akanisimulia habari za Kasanga, za Fuso lililokataa kupanda mlima mpaka abiria wakashuka wakalisukuma wakiliimbia. Tulikwenda kona kwa kona, mshono kwa mshono.

Nilipofika mfuko wa mbele nikapapasa. "Baba, medali ya mama haimo."

Aliendelea kusugua. "Uzi utakuwa umekatika. Imedondoka kwenye Fuso. Usimwambie mama yako, atasikitika bure. Nitatafuta nyingine."

Kisha akaniangalia usoni, akatabasamu. "Kazi hii ni yetu sisi wawili tu, mama."

Nilijaa furaha mpaka nikasamehe samaki, na Matai, na turubai. Niliona mtu mzima mwenye shughuli zake ameacha kila kitu, amekaa kwenye baridi kwa ajili yangu. Sikuwa na namna ya kuona kitu kingine.

Krismasi ikaja. Mama alimfikisha baba kanisani siku hiyo, jambo lililotokea Krismasi na Pasaka tu, na kila Jumapili ya katikati alimwombea kwa sauti ili asikie. Padri akapita na chetezo, ubani ukapanda, nami nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, kwa sababu baada ya siku zile zote za samaki harufu ile ilikuwa kama kuoga.

Baada ya sikukuu baba akajiandaa kuteremka tena Kasanga, na kabla ya kuondoka akaniomba begi mara ya pili.

"Hapana, baba," nikasema. Nilishangaa mwenyewe.

Asubuhi akaniomba tena, ameshika kiroba cha nguo mkononi, Fuso limeshapiga honi barabarani. "Nitakurudishia safi kuliko hivi, mama. Nakuahidi."

Mama akaingilia kutoka jikoni. "Baba Deo, mwache mtoto na begi lake. Ulilolifanya halikutoshi?"

Akaondoka na kiroba. Mlangoni aligeuka akaliangalia begi, si mimi. Nilifikiri anaona aibu, nikamwonea huruma.

Jua likapatikana siku zile, jua la kweli, na samaki akaanza kutoka. Kila nilipoingiza kichwa ndani ya begi nilimkuta amepungua. Kisha siku moja nikaingiza kichwa na hakuwamo. Badala yake, kwenye mikanda, kwenye sponji ya mgongoni, ndani ya mishono, kulikuwa na harufu nyingine iliyokuwa imelala chini ya samaki muda wote. Ilikuwa tamu, ya moshi. Niliifahamu mara moja. Ilikuwa harufu ya Krismasi.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza nilichofikiri. Begi lilikuwa na baba Kasanga. Begi linanukia ubani. Kwa hiyo baba, ambaye mama humwombea kila Jumapili, huwa anasali kule ziwani kwa siri, na labda anaona haya kutuambia. Nilimtafuta mama mbio, begi kifuani, nikiwa na hakika namletea habari njema kuliko zote alizopata kupewa.

Nilimkuta uani anageuza kimea juu ya mkeka. "Mama, nusa. Linanukia kanisa. Baba anasali Kasanga."

Alitabasamu kwanza. Alijifuta mikono kwenye kanga, akalichukua, akanusa. Akanusa tena mikandani, tena mgongoni, polepole, kama anavyoonja pombe kujua imefikia wapi. Tabasamu likaondoka.

"Ubani wa kanisani ni mkavu," akasema. "Huu una marashi. Huu ni wa kufukizia nguo."

Akaingiza mkono mfuko wa mbele, pale pembeni, akapapasa. Akapapasa muda mrefu. Kisha akaubinua ule mfuko nje, akasogea kwenye jua, akauleta karibu na macho. Nikaanza kumweleza kwamba uzi ulikatika, medali ilidondoka kwenye Fuso. Hakuwa akitafuta medali. Alikuwa akitafuta matundu ya sindano yake, na kwenye kitambaa kile hapakuwa na tundu hata moja.

Akanirudishia begi, akarudi kugeuza kimea. Nilikaa pale nikisubiri afurahi.

Baba aliporudi, mama alimwacha ale, anawe, apewe maji ya kunywa. Kisha akaleta begi, akaliweka mbele yake juu ya meza.

"Baba Deo, hili begi ni la nani?"

"La mtoto," baba akasema.

"Mtoto yupi?"

Mimi nilidhani mama amechanganyikiwa kwa kazi nyingi za pombe ya mwaka mpya, nikaona nimsaidie.

"Langu, mama," nikasema.

Hakuna aliyeniangalia. Baba alikuwa anatazama mikono yake, ile iliyosugua begi. Baada ya muda mama alinituma kwa jirani nikaazime chujio, na kwetu machujio yalikuwa mengi. Niliporudi hawakuwa wakigombana. Ingekuwa nafuu kama wangegombana.

Alihama kidogo kidogo. Kwanza safari zikawa ndefu, kisha akaja kuchukua kitanda cha mbao alichotengenezewa na mdogo wake, kisha redio. Siku aliyochukua redio nilikuwa napakia vitu vyangu vya shule ndani ya lile begi, kwa sababu hatukuwa na jingine. Mama alikuwa amesema nitakwenda nalo, kwamba begi halijamkosea mtu. Baba alisimama mlangoni pale pale aliposimama kuliazima. Nilingoja aniage. Akaliangalia begi, akatikisa kichwa.

"Ungeliacha tu na samaki wake, mama," akasema, akaenda zake.

Nililibeba neno hilo pamoja na begi. Bweni lote lilipenda harufu yangu. Wasichana walikuja kitandani kwangu kunusa mikanda, wakaniita Bibi Harusi, jina zuri kuliko yote ya bweni letu. Mimi kila Jumamosi nilikuwa bombani na majivu, nasugua. Matron aliniuliza nasafisha nini katika begi lisilo na uchafu, nikamjibu kwamba linanuka. Na usiku, mimi mtoto wa miaka ile, nilikuwa najiambia kwamba nimevunja nyumba ya wazazi wangu kwa sabuni. Kama ningemwacha samaki pale, tungekuwa wanne mpaka leo.

Nilipokuwa kidato cha pili ndipo mama akanieleza, tukiwa shambani, bila kuinua kichwa kutoka kwenye jembe. Baba alinunua mabegi mawili Kasesya, yanayofanana. Kasanga kulikuwa na mwanamke, na binti tuliyepishana naye mwaka mmoja tu. Asubuhi ya kuondoka kule alinyakua begi ambalo halikuwa langu. Njiani akagundua, na kwa vile asingeweza kurudi, akalipakia samaki ili harufu izibe harufu. Yale majivu na zile simulizi za Fuso, alikuwa anaokoa nafsi yake. Alijua tangu mwanzo kwamba nasugua begi la mtoto mwingine, akanitazama nikiganda vidole.

Nilimchukia, na sitajifanya hapa kwamba sikumchukia. Alipokuja shuleni siku ya wazazi nilimwambia mlinzi simfahamu. Lakini chuki yenyewe ilikuwa na pengo. Kila nilipotaka kuifunga kabisa, asubuhi ile ya ndoo iliingia. Nilijibishana nayo. Kusafisha, sawa, alikuwa anajisafishia. Kwapa je? Nani alimlazimisha kupasha moto vidole vyangu? Wimbo wa Fuso ulikuwa wa nini? Nikafikia uamuzi kwamba mengine yote aliyagawa huku na kule, samaki, mabegi, siku zake, lakini asubuhi ile ilikuwa yangu. Nimekua nayo, nimeolewa nayo. Ndiyo iliyonileta kwenye benchi hili.

Kwa sababu baba alipatwa na kiharusi Kasanga, wakamleta huku juu kutibiwa, na aliyemleta ni binti yake. Anaitwa Hawa. Ni mwanamke mpole, mrefu kama baba, na ana masikio ya Deo. Tulisalimiana kwa adabu, tukagawana zamu, yeye usiku, mimi mchana. Mama hakuja, ila kila asubuhi ananipa chupa ya uji wa ulezi bila kusema ni wa nani. Maneno karibu yote yamemtoka baba. Yamebaki machache, "maji," "baridi," na jina lile alilokuwa akiniita. Anapolitamka nikiwa pembeni yake, naona aibu jinsi moyo wangu unavyoruka.

Juzi alichafua shuka, na zamu zetu zilikuwa zinakutana, kwa hiyo tukatoka wote wawili kwenda kufua kwenye karo lililo nyuma ya wodi ya wanaume, chini ya dirisha lake. Hawa alinusa ile shuka, akasema sabuni haitatosha. Akaenda jikoni kwa wanaopikia wagonjwa, akarudi na majivu kwenye kopo. Akainama upande mmoja wa karo, mimi mwingine. Kisha nikamwona anaingiza ngumi kwenye pembe ya foronya mpaka pembe ikamkaa, anapaka majivu, anasugua kwa kiganja cha mkono wa pili, anazungusha.

Nikaacha kufua. "Hiyo nani alikufundisha, dada?"

"Baba," akasema. "Nilikuwa na begi nikiwa mdogo, la zambarau. Siku moja likaanza kunuka pombe. Mama akasema halilali ndani, na ndilo pekee nililokuwa nalo la kwenda nalo chuoni kusoma Kurani, maalimu angenifukuza. Baba akakaa na mimi ziwani asubuhi nzima. Anasema usisugue uwanjani, harufu inajificha kwenye kona."

"Lilikuwa na kitu ndani? Kimeshonewa mbele?"

Alifikiri. "Kilikuwapo kigumu, kama shilingi. Alikikata kwa wembe, akasema ni takataka za kiwandani, akakitupa majini."

Akatabasamu, si kwangu, kwa kumbukumbu yake. Niliifahamu sura ile. Ni yangu.

"Maji yalikuwa ya baridi, basi kila mara ananiweka vidole kwapani. Anasimulia Fuso lililosukumwa likiimbiwa. Ananiambia, kazi hii ni yetu sisi wawili tu."

Nilitaka kumwambia begi lile lilikuwa la nani na pombe ile ilitoka msumari gani. Nilitaka kumwambia kwamba medali ile mama yangu alipewa siku ya kipaimara. Lakini alikuwa bado anatabasamu, ameinamia foronya, na nikaona kwamba nikifungua mdomo nitamfanyia alichonifanyia yeye sasa hivi bila kujua. Nikachukua pindo langu la shuka. Yeye akachukua lake. Tukakamua, yeye akizungusha kulia na mimi kushoto, maji ya majivu yakimiminika katikati yetu.

Dirishani juu yetu sauti ya baba ikaita, nzito, ya mtu anayejikokota kwenye neno.

"Mama."

Tuligeuka wote wawili. Hakuna aliyeitika.